Ahadi ni Deni: Profesa Jay na Kauli ya Kuitikia katika Ushairi wa Kiswahili



1.0 Utangulizi

Naomba nianze kwa kukiri deni. Mwaka 2001, nilipokuwa mhadhiri wa isimu, alinijia ofisini mwanafunzi wa mwaka wa tatu akiwa na kaseti mkononi. Alitaka kuandika tasnifu yake juu ya nyimbo za kufokafoka za vijana wa Dar es Salaam. Nilimsikiliza kwa adabu, kisha nikamweleza kwamba tasnifu ya Kiswahili huandikwa juu ya Kiswahili, na kwamba alichoniletea kilikuwa ni kelele zilizotiwa maneno ya vijiweni. Nilipoona amesononeka nikamtuliza kwa ahadi: "Tutalizungumza siku nyingine." Siku hiyo haikufika. Kijana aliandika juu ya methali, akafaulu vizuri, akaenda zake kufundisha. Kaseti aliiacha mezani kwangu. Sijui kama aliisahau au aliniachia makusudi.

Kaseti ile ilikuwa albamu ya Machozi, Jasho na Damu, na mwenye sauti alikuwa Joseph Haule, anayejulikana kwa jina la Profesa Jay. Niliisikiliza miezi kadhaa baadaye, nikiwa peke yangu ndani ya gari katika foleni ya magari, na nikatambua kwamba niliyoyaita kelele yalikuwa na mpango. Mhadhara wa leo ni mazungumzo niliyomwahidi mwanafunzi yule, ingawa yamechelewa kwa zaidi ya miaka ishirini.

Hoja ninayokusudia kuitetea ni moja. Katika ushairi wetu wa kujibizana, kauli ya kuitikia ilikuwa imezoeleka kuwa dalili ya kuelewa: anayefundishwa anakubali, na ukweli unakuwa umefika. Profesa Jay aliichukua kauli hiyo akaifanya dalili ya kudanganyika. Kisha maisha yake mwenyewe, kwa mzunguko ambao hakuna mtunzi angethubutu kuubuni, yakamsimamisha mbele ya umati kama ule aliouchora, na baadaye katika kitanda cha hospitali akiwa ndiye mwenye kuhitaji msaada. Kwa hiyo wasifu wake ni sehemu ya historia ya umbo la ushairi, na ndivyo ninavyoomba tuutazame.

2.0 Mazingira ya kuzaliwa kwa sanaa hii

Mtu hawezi kuelewa kazi ya Profesa Jay bila kukumbuka miaka kumi iliyotangulia umaarufu wake. Mambo mawili yalibadilika kwa wakati mmoja. La kwanza ni siasa. Mwaka 1992 sheria iliruhusu tena vyama vingi vya siasa nchini Tanzania, na mwaka 1995 ukafanyika uchaguzi mkuu wa kwanza wa mfumo huo mpya. Kizazi kilichokuwa kimezoea mgombea urais mmoja wa kupigiwa kura ya ndiyo au hapana kikaanza kuona majukwaa ya kampeni yakishindana, kila jukwaa na ahadi zake. La pili ni utangazaji. Kwa miongo mingi sauti iliyosikika majumbani ilikuwa ya Redio Tanzania Dar es Salaam. Mwaka 1994 Radio One ilianza kurusha matangazo, na vituo vingine binafsi vikafuata. Vituo hivi vilihitaji muziki wa kujaza saa nyingi za siku, na vijana walikuwa na muziki usiokuwa na pa kupigwa.

Muziki huo ulikuja kwanza kwa kanda zilizotoka Marekani. Vijana waliziigiza, wengi wao kwa Kiingereza ambacho hawakukimudu. Mwaka 1991 Saleh Jabri alipotia maneno ya Kiswahili katika midundo ya Kimarekani, baadhi ya wasikilizaji walicheka, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa. Kundi la Kwanza Unit likaundwa mwaka 1993. Mwaka 1995 Joseph Mbilinyi, aliyejulikana kwa majina ya 2-Proud, Mr. II na baadaye Sugu, alitoa albamu ya Ni Mimi kwa Kiswahili. Mwaka 1998 wimbo wake wa Hali Halisi ukathibitisha kwamba kijana anaweza kuzungumzia umaskini na siasa kwa lugha ambayo mama muuza vitumbua na karani wa benki wote wanaielewa. Muziki huu, pamoja na ule wa kuimba uliochanganyika nao, ukaitwa Bongo Fleva.

Neno bongo lenyewe linastahili kutazamwa na mwanaisimu. Nomino ubongo inapoacha kiambishi chake cha awali, huhama ngeli na kupata dokezo la ukubwa: bongo ni akili nyingi, akili ya kutumiwa. Katika miaka ya dhiki ya uchumi, Dar es Salaam ilipewa jina hilo kwa kuwa asiyetumia bongo hakuweza kuishi humo. Baadaye jina likaenea kwa nchi nzima. Hakuna kamati iliyoketi kulisanifu. Wenye lugha walilihitaji, wakalifinyanga kwa kufuata kanuni za ngeli walizozaliwa nazo.

3.0 Kutoka Songea hadi Hard Blasters: suala la jina

Joseph Haule alizaliwa Songea tarehe 29 Desemba 1975. Ni mtoto wa kusini aliyekulia katika lugha ya taifa, na sanaa yake haikuwa na madai ya upwani. Nalitaja hili kwa sababu historia ya ushairi wetu imeandikwa kwa kuelekea pwani: Muyaka wa Mombasa, tenzi za Lamu na Pate, Shaaban Robert wa Tanga. Miongoni mwa waliotukuza Kiswahili kutoka bara katika karne ya 20 alikuwamo Mathias Mnyampala wa Dodoma, ambaye nitamrudia hivi punde, na Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, ambaye diwani yake ya Kichomi ya mwaka 1974 iliwasha mgogoro mkali kwa kuacha vina na mizani. Wote wawili walifika katika ushairi wa Kiswahili wakitokea mahali ambapo Kiswahili kilikuwa cha kujifunza, na kila mmoja akaja na umbo jipya au matumizi mapya ya umbo la kale. Nadhani Haule ni wa ukoo huo.

Katikati ya miaka ya 1990 alijiunga na kundi la Hard Blasters jijini Dar es Salaam, pamoja na Fanani na Big Willy. Wakati huo alijiita Nigga J. Jina hilo lilitoka moja kwa moja katika kanda za Marekani, ambako neno hilo ni tusi lenye historia ya utumwa, na Wamarekani Weusi wenyewe wanabishana hadi leo kama linaweza kutakaswa kwa kutumiwa na wale waliotukanwa nalo. Kwa kijana wa Dar es Salaam neno lilifika bila uzito huo, kama nguo ya mtumba inavyofika bila historia ya aliyeivaa.

Mwaka 2000 kundi hilo lilitoa albamu ya Funga Kazi, yenye wimbo wa Chemsha Bongo. Mtayarishaji wake alikuwa P-Funk wa studio ya Bongo Records. Wimbo ule ulikuwa masimulizi ya maisha yaliyoharibika na wito wa kufikiri, na ulisikilizwa hata na wazazi waliokuwa wakizima redio kila waliposikia vijana wakifoka. Mwaka uliofuata Haule alitoka peke yake, na akatoka na jina jipya: Profesa.

Ndugu Mwenyekiti, mimi niliutafuta uprofesa kwa zaidi ya miaka ishirini, nikapita mbele ya kamati nyingi. Yeye aliuvaa akiwa na umri wa miaka 25, na umma ukamthibitisha kazini siku hiyohiyo. Ninakiri kwamba jambo hilo liliniudhi wakati ule. Leo naliona kwa namna nyingine. Jina la kwanza lilikuwa la kuazima, na lilimwelekeza msikilizaji kutazama nje. Jina la pili, ingawa nalo neno lake ni la mkopo, lilitokana na cheo ambacho Mtanzania yeyote anakijua, na lilibeba dai: kwamba aliyesimama mbele yenu ana jambo la kufundisha. Kwa dai hilo, kijana aliingia katika safu ya washairi wa Kiswahili, ambao tangu zamani wamejiona walimu wa jamii zao.

4.0 Ndiyo Mzee na kupinduliwa kwa ngonjera

Sasa niingie katika kiini cha mhadhara. Miongoni mwa nyimbo za Machozi, Jasho na Damu umo wimbo wa Ndiyo Mzee. Ulitoka mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya uchaguzi mkuu wa 2000. Muundo wake ni wa hotuba ya kampeni. Mgombea amesimama mbele ya wananchi, anamwaga ahadi, na kila ahadi inapokwisha umati unaitikia kwa kauli ambayo ndiyo jina la wimbo. Ahadi zinaanza katika mambo ambayo mgombea wa kawaida angeweza kuyasema, kisha zinapanda. Mabomba yatatoa maziwa. Wanafunzi watapelekwa mwezini kufanya masomo yao ya vitendo. Umati haushtuki. Unaitikia ahadi ya mwezi kwa sauti ileile uliyoitikia nayo ahadi za mwanzo.

Wachambuzi wengi wameusoma wimbo huu kama dhihaka dhidi ya wanasiasa, na hawakukosea. Lakini sikio la mwanafasihi wa Kiswahili halina budi kusikia umbo jingine chini yake, nalo ni ngonjera. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Mnyampala aliyakuza mashairi ya majibizano yakawa chombo cha kuieneza siasa ya Ujamaa, na kazi zake zilichapishwa chini ya jina la Ngonjera za UKUTA. Wengi wetu tuliokuwa shuleni katika miaka iliyofuata tuliziimba mbele ya wageni wa serikali. Mpango wake tunaukumbuka. Mhusika mmoja hajui au anapinga. Mwingine anajua na anaeleza. Ubeti kwa ubeti mpinzani anashindwa hoja, na mwishoni anakubali. Kukubali kwake ndiko kilele. Hadhira inapiga makofi kwa kuwa aliyepotea ameongoka.

Profesa Jay ameyaacha mengi ya ngonjera yakiwa mahali pake: msemaji mwenye mamlaka, wasikilizaji, zamu za kusema na kujibu. Alichokiondoa ni mpinzani. Hakuna anayeuliza. Kwa kuwa hakuna anayeuliza, hakuna hoja inayolazimika kujengwa, na msemaji anagundua kwamba anaweza kusema lolote. Ahadi zinapanda kwa sababu itikio halibadiliki. Hapo ndipo ninapoona uzito wa utunzi huu: anayemlea mwongo ni anayemwitikia. Mgombea wa wimbo huo anajifunza udanganyifu kutoka kwa umati wake, hatua kwa hatua, mbele ya masikio yetu.

Kauli yenyewe imechaguliwa kwa ufundi. Neno ndiyo limeundwa kwa ndi- ya kusisitiza na -yo ya urejeshi. Asili yake ni kuthibitisha kitu mahususi: ni hiyo hasa, wala si nyingine. Ni neno la mtu aliyechunguza akaamua. Matumizi ya kila siku yamelichakaza likawa sauti ya kukubali tu, na katika maandishi ya wengi hata y yake imeanguka. Kwa upande mwingine, mzee ni neno la heshima ambalo halitaji tena umri. Karani humwita mkuu wake mzee hata kama mkuu huyo ni mdogo kwake kwa miaka kumi. Maneno mawili yaliyochoka yakiwekwa pamoja huzaa kauli ambayo mtu anaweza kuitamka bila akili yake kushiriki. Sisi tulioishi maofisini tunaifahamu vema. Tumeitamka, na tumetamkiwa.

5.0 Ufundi wa vina na kalamu nyekundu

Wapo watakaouliza kama haya yote ni ushairi kwa vigezo vya lugha yenyewe. Swali ni halali, na jibu lake liko katika fonolojia. Maneno asilia ya Kiswahili huishia kwa irabu, nazo irabu ni tano tu. Kwa hiyo kufananisha mwisho wa mishororo si kazi ngumu, na washairi wa jadi walilijua hilo, wakadai kwamba kina kiwe silabi nzima. Kazi na njozi ni vina vinavyotosha katika shairi la jadi, kwa kuwa maneno yote mawili yanaishia kwa zi.

Mfokaji ana sharti jingine. Yeye hutamka juu ya mdundo, na mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mdundo unapogonga silabi hiyo, sikio hulisikia ka- la kazi kuliko -zi yake. Kwa hiyo kazi na njozi hazimtoshi. Anahitaji kazi na mzazi, au kazi na ngazi. Mara nyingi vina vya wafokaji wetu hodari huanzia katika silabi ya mkazo, na hivyo ni vina vya silabi mbili. Sheria hii hawakufundishwa na yeyote. Waliifikia kwa kusikia. Mtu anayesema kwamba vijana hawa walitupa kanuni za lugha hajawasikiliza. Walizitii kanuni ambazo vitabu vyetu vilikuwa havijaziandika.

Kuhusu msamiati, lawama zetu zilikuwa kali zaidi. Mwaka 2003 Profesa Jay alitoa albamu ya pili, Mapinduzi Halisi, yenye wimbo wa Zali la Mentali alioushirikisha sauti ya Juma Nature. Ni hadithi ya kijana maskini anayependwa na mwanamke tajiri. Neno zali, kwa maana ya bahati inayomwangukia mtu asiyeitarajia, lilikuwa la vijiweni. Baada ya wimbo huo lilisikika katika daladala, harusini na katika kurasa za michezo za magazeti. Bahati ni neno la jumla mno. Zali linataja bahati ya mtu ambaye hesabu zote zilikuwa dhidi yake. Lugha iliyoongezewa tofauti kama hiyo haikuharibiwa.

Mwaka 2006 ikaja albamu ya J.O.S.E.P.H, na ndani yake wimbo wa Nikusaidiaje, ambao Ferooz alishiriki kuuimba. Kalamu yangu nyekundu ilisimama katika jina hilo. Sarufi sanifu ingedai nikusaidieje, kwa hali tegemezi, yenye -e mwishoni mwa kitenzi kabla ya kiambishi cha kuuliza. Mtaa unatumia -a, na wimbo ukaenea kwa -a. Lakini nilipokuwa nikisahihisha irabu nilikuwa nikikosa kusikia swali. Msanii aliyekwisha kuwa maarufu anazungukwa na watu wenye shida: mmoja hili, mwingine lile, kila mmoja akiamini kwamba jina kubwa ni fedha nyingi. Naye ananyoosha mikono na kuuliza. Nchi ilikuwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999, lakini kaseti zilinakiliwa bila hesabu, na pengo kati ya umaarufu wa msanii na mfuko wake lilikuwa kubwa. Swali la wimbo lilikuwa la kweli kabisa. Liliulizwa na mtu aliyegeuzwa mzee bila kuomba kura.

6.0 Mikumi: mshairi mbele ya itikio lake

Washairi wengi hudhihaki mamlaka na kubaki nje yake. Historia ya wafokaji wa Tanzania ilichukua mkondo mwingine. Mwaka 2010 Joseph Mbilinyi alichaguliwa mbunge wa Mbeya Mjini kupitia CHADEMA. Tarehe 25 Oktoba 2015 Profesa Jay alichaguliwa mbunge wa Mikumi, mkoani Morogoro, kwa tiketi ya chama hichohicho. Mwaka 2020 Hamis Mwinjuma, anayejulikana kwa jina la Mwana FA, aliingia bungeni kutoka Muheza kupitia CCM, na mwaka 2023 akateuliwa naibu waziri katika wizara yenye dhamana ya utamaduni, sanaa na michezo. Katika muda wa miaka kumi, sanaa tuliyoiita ya wahuni ilikuwa imetoa wabunge kwa chama tawala na kwa upinzani.

Kwa Profesa Jay, hata hivyo, jambo hili lilikuwa na uchungu wake wa pekee. Mikumi ni jimbo la wakulima wa miwa na mazao ya chakula, lililo jirani na hifadhi ya wanyamapori, na barabara kuu iendayo Zambia inalipita. Wananchi wake wana mahitaji ya maji, barabara na zahanati kama majimbo mengine ya vijijini. Fikirini basi mtunzi wa Ndiyo Mzee amesimama mbele yao mwaka 2015, kipaza sauti mkononi, na wao wanamjua kwa wimbo huo. Angeahidi nini ambacho wimbo wake mwenyewe haukuwa umekwisha kukidhihaki? Na kama wangemwitikia, angelisikiaje itikio lao?

Mhadhara huu haupimi utendaji wa mbunge. Kazi hiyo ni ya wapiga kura. Ninachokipima ni nguvu ya utunzi. Kuanzia Novemba 2015 alipoingia Bungeni Dodoma, mtu huyu alibeba shairi lake mwenyewe kama shahidi. Aliyewahi kutunga ahadi ya mwezini hawezi tena kuahidi daraja bila wananchi kutabasamu, na tabasamu hilo ni mwanzo wa kuuliza. Katika uchaguzi wa Oktoba 2020, ambao vyama vya upinzani viliyakataa matokeo yake, hakurudi bungeni. Miaka mitano ya ubunge ikawa imekwisha, na wimbo ukabaki ukipigwa.

7.0 Swali linarudi kwa aliyeuliza

Januari 2022 Profesa Jay alilazwa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili akiwa mgonjwa mahututi, na tatizo kubwa likiwa ni la figo. Alikaa muda mrefu katika chumba cha wagonjwa mahututi, na uvumi wa kifo chake ulienezwa zaidi ya mara moja. Wasanii wenzake, wanasiasa wa pande zote na wananchi wa kawaida walijitokeza kuchangia matibabu, na serikali nayo ikasaidia kuzibeba gharama. Wale waliokuwa wakiulizwa katika wimbo wa mwaka 2006 sasa walikuwa wakiuliza wao, na aliyelala kitandani hakuwa na sauti ya kujibu.

Alipona kiasi cha kuweza kusema tena. Mwaka 2023 alitoa wimbo wa Siku 462, jina linalotaja hesabu ya siku za mapambano yake na maradhi. Mwaka huohuo ulizinduliwa mfuko wenye jina lake wa kuwasaidia wagonjwa wa figo. Wanaoyajua maradhi hayo wanaelewa uzito wake: mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa huhitaji kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, na gharama yake huifilisi familia ya kipato cha kawaida.

Hapa naomba tuitazame tena sarufi. Katika wimbo wa zamani, kiambishi -je kiliuliza namna, lakini maana yake ya ndani ilikuwa ni kukataa: nitakusaidia kwa namna gani, nami sina? Baada ya hospitali, swali lilelile linaweza kusomwa kama linavyosomwa kwenye dirisha la mapokezi, kwa maana yake ya juu kabisa: niambie namna, nikusaidie. Hakuna silabi iliyobadilika. Kilichobadilika ni mahali anaposimama msemaji. Pragmatiki, ambayo nimeifundisha kwa miaka mingi kwa mifano ya kubuni, sikuwahi kuipatia mfano bora kuliko huu.

8.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kazi ya Joseph Haule ina nafasi yake katika historia ya ushairi wa Kiswahili, na kwamba nafasi hiyo haitokani na umaarufu. Inatokana na jambo alilolitenda ndani ya umbo tulilolirithi. Ngonjera ilitufundisha kwamba shairi hufikia kilele msikilizaji anapokubali. Profesa Jay alitufundisha kuyaogopa makubaliano yasiyotanguliwa na swali. Somo la kwanza lilifaa taifa changa lililotafuta umoja. Somo la pili linahitajika katika taifa lenye majukwaa mengi, ambalo ahadi zake zinaandikwa kwa mkono mmoja na kusahauliwa kwa mkono mwingine.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Wasanii wametukumbusha kwamba deni lina pande mbili: yuko aliyeahidi, na yuko aliyeitikia bila kuuliza litalipwa lini. Mimi niliahidi mazungumzo mwaka 2001, na mwanafunzi wangu, kwa malezi tuliyompa sisi walimu wake, aliniitikia kwa heshima na kuondoka. Angenibishia, huenda idara yetu ingekuwa na tasnifu ya kwanza juu ya fani hii miaka mingi kabla ya kuamka. Kaseti yake ningali nayo. Utepe umelegea na upande wa pili hausikiki vizuri, lakini ni mali yake, na akiihitaji ataikuta ofisini kwangu.

Ndugu Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Ninawaomba wanafunzi waliomo ukumbini waniulize maswali, tena magumu. Mkinishukuru kwa kuniitikia tu, nitajua kwamba sikueleweka.